Nguo ya Merikani na Washairi wa Ukoo wa Lowell

Wapenzi wa ushairi wa mwambao wanaujua utamu wa neno lenye maana mbili, na merikani ni neno la namna hiyo. Kwa kijana wa leo Marekani ni nchi. Kwa mabibi zetu merikani ilikuwa kwanza nguo: pamba nzito isiyopaushwa, iliyoshushwa bandarini kwa majora, ikapimwa kwa doti na shuka, ikavaliwa na mchukuzi, baharia na mtumwa wa shamba la karafuu. Tanga la jahazi lilishonwa kwa merikani. Msafara wa bara ulibeba merikani badala ya sarafu, na huko mbali pembe ya ndovu na mwanadamu pia walikadiriwa thamani kwa merikani.

Nguo hiyo ina kwao, na ina waliyoianzisha. Katika makala haya nakusudia kuuzungumza ukoo mmoja wa Boston, ukoo wa Lowell, uliokuwa mstari wa mbele katika kuasisi viwanda vya nguo nchini Marekani. Ukoo huo huo, na hili ni jambo adimu, ukazaa washairi watatu wenye majina makubwa: James Russell Lowell (1819–1891), Amy Lowell (1874–1925) na Robert Lowell (1917–1977). Sijui ukoo mwingine uliofuma nguo nyingi kiasi hicho kisha ukatunga mashairi mengi kiasi hicho. Swali langu ni la mhakiki: nguo iko wapi katika tungo zao? Na sisi ambao wazee wetu waliivaa, tuna haki gani ya kuuliza?

Mtambo uliohifadhiwa kwa ghibu

Mwasisi ni Francis Cabot Lowell, aliyezaliwa mwaka 1775. Alikuwa mfanyabiashara wa Boston, na kati ya mwaka 1810 na 1812 aliishi Uingereza na Scotland pamoja na familia yake. Huko alitembelea viwanda vya pamba na kuitazama mitambo ya kufumia iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji na ya mvuke. Sheria ya Uingereza wakati ule ilikataza mitambo hiyo, hata michoro yake, kutolewa nje ya nchi. Lowell akaihifadhi kichwani. Husimuliwa kuwa njiani kurejea meli yake ilikamatwa na Waingereza na mizigo yake ikapekuliwa, wala hakikuonekana kitu. Siri ilikuwa mahali ambapo mpekuzi hafiki.

Sisi tuliolelewa kwa tenzi tunajua maana ya kuhifadhi kwa ghibu. Mtu huweza kubeba beti mia tano kifuani na asiwe na kipande cha karatasi mfukoni. Lowell alifanya hivyo kwa chuma na mbao, kwa magurudumu na kanda. Tofauti ni kwamba ahifadhiye utenzi humtaja mtunzi wake mwishoni, na Lowell hakuwa na haja ya kumtaja aliyeutunga mtambo.

Aliporudi, fundi Paul Moody alimsaidia kuuunda mtambo upya. Mwaka 1813 kampuni ikasajiliwa kwa jina la Boston Manufacturing Company, ikiwa na ruhusa ya kukusanya mtaji wa dola 400,000, na kiwanda kikajengwa Waltham, kando ya Mto Charles. Mnamo mwaka 1814 pamba iliingia mlango mmoja ikiwa pamba na kutoka mlango wa pili ikiwa nguo. Kusokota na kufuma vyote vikafanywa kwa mitambo chini ya paa moja. Nguo waliyoanza nayo haikuwa ya fahari. Ilikuwa shiti nzito, nyeupe ya kawaida, isiyo na nakshi, yaani nguo ya aina ile ambayo miaka michache baadaye ingefika Unguja na kuitwa merikani.

Mtaji huo ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, ndani ya ukoo. Mshirika mkuu wa Lowell, Patrick Tracy Jackson, alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe Hannah. Wengine walikuwa jamaa na marafiki wa mduara ule ule wa Boston, akiwamo Nathan Appleton. Lowell alipofariki mwaka 1817, akiwa na umri wa miaka 42 tu, mwana wa kaka yake, John Amory Lowell, alikuwa bado kijana. Alipokua, John Amory akamwoa Susan, binti wa marehemu, ndoa ya binti ami ambayo msomaji wa mwambao hahitaji kufafanuliwa hekima yake wala hesabu yake. John Amory akawa miongoni mwa wasimamizi wakubwa wa viwanda hivyo kwa miaka mingi. Mali ilikaa nyumbani.

Washirika waliobaki walihamia penye maporomoko makubwa ya Mto Merrimack. Mwaka 1822 wakaanzisha kampuni mpya huko, na mwaka 1826 mji uliozaliwa kando ya viwanda ukapewa jina la marehemu: Lowell. Hivyo mtu aliyekufa kabla tofali la kwanza la mji halijawekwa akawa ndiye jina la mji wenyewe.

Majina mawili ya nguo moja

Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza. Meli za Salem zilileta majora ya nguo kutoka viwanda vya Massachusetts na majimbo jirani, zikarudi na pembe, gundi ya sandarusi, ngozi na karafuu. Biashara ilivyonoga, Salem nayo ikajenga kiwanda chake, Naumkeag, kilichosajiliwa mwaka 1839 na kuanza kufuma mwaka 1847. Mahitaji ya wateja wa pwani yetu na bara yetu yalikuwa mojawapo ya sababu za kiwanda hicho kustawi. Watu wa huku walijua kuchagua: walishika nguo, wakaipima uzito kwa vidole, wakaikataa isiyokuwa nzito. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za Uingereza na kisha za Bombay zikaingia pengo hilo. Jina merikani, hata hivyo, halikuondoka. Lilibaki kwa nguo ya aina hiyo, hata kama imefumwa kwingine.

Huu ndio upande wetu wa habari. Uko upande wa pili, ambao ni mchungu zaidi. Pamba ya viwanda vya Lowell ililimwa na kuchumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Kisha sehemu ya nguo nzito iliyofumwa kaskazini ilirudi kule kule kusini, ikauzwa kwa wenye mashamba ili kuwavika hao hao watumwa. Na katika vinywa vya watumwa nguo hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa lowell. Waliokuwa watumwa, waliposimulia maisha yao katika uzee, walisema walivaa lowell kama sisi tusemavyo kaniki au merikani. Jina la ukoo mkubwa wa Boston limeshuka likawa jina la kawaida, likaandikwa kwa herufi ndogo.

Msomaji atazame hapo. Kwa mabwana wa Boston, Lowell ni jina la mji, la taasisi, la maprofesa. Kwa aliyechuma pamba, lowell ni kitu kikwaruzacho mgongoni. Mimi nionavyo, neno hilo moja ni kazi ya fasihi iliyo fupi kuliko zote ninazozijadili hapa. Waliolitunga hawakujua kusoma, na walimsoma mwenye kiwanda barabara.

Fedha ya nguo na mimbari ya mshairi

Ni haki kusema kuwa ukoo huu haukula mali yake yote. Mwana wa mwasisi, John Lowell mdogo, alifiwa na mkewe na watoto wake, akaondoka Boston kuzunguka dunia. Akiwa Luxor, nchini Misri, aliandika wasia wa kutenga sehemu ya mali yake kwa ajili ya mihadhara ya wazi kwa watu wa Boston. Akaendelea na safari kupitia Bahari ya Shamu, na mwaka 1836 akafa Bombay, ng'ambo ya bahari yetu hii. Wasia ukatekelezwa, Lowell Institute ikaanza mihadhara yake mwaka 1839, ikisimamiwa na John Amory yule yule. Kwa lugha yetu tungeuita wakfu, na wakfu wa elimu ni jambo la kheri kwa dini zote.

Ilikuwa katika mimbari ya wakfu huo, mwaka 1855, ambapo James Russell Lowell alitoa mihadhara yake juu ya washairi wa Kiingereza. Mihadhara ilipendwa mno, na Chuo Kikuu cha Harvard kikampa nafasi iliyoachwa na Longfellow. Tusilipite jambo hili haraka. Nguo ilizaa mali, mali ikazaa wakfu, wakfu ukajenga mimbari, na mshairi akasimama juu yake kuzungumza ushairi. Francis Cabot, ambaye jina lake lilikuwa juu ya yote hayo, alikuwa ami yake, ndugu mkubwa wa baba yake.

James Russell hakuwa mshairi mwoga. Alikuwa adui wa utumwa, aliandika magazetini dhidi yake, na tungo zake za The Biglow Papers, zilizochapishwa kitabu mwaka 1848, ni dhihaka kali dhidi ya vita vya Marekani na Mexico, ambavyo aliviona kuwa ni vita vya kupanua ardhi ya watumwa. Alizitunga kwa lahaja ya wakulima wa kwao. Lau ningepewa kazi ya kuzifasiri, nisingetumia Kiswahili sanifu hata kidogo. Ningelikwenda Makunduchi nikaazime ulimi, maana ukali wake wote umo katika sauti ya mtu wa shamba anayemsuta mtu wa mjini. Katika tungo hizo anaisuta hata Massachusetts yake mwenyewe kwa kupiga magoti pamoja na wenye watumwa.

Lakini ni nani hasa anayepigwa? Wanasiasa, wahariri wa magazeti, makamanda, waandikishaji wa askari. Mwaka huo huo wa 1848 Charles Sumner, mwanasiasa wa jimbo lile lile, alisema hadharani kuwa kuna mapatano kati ya wenye mitambo ya kufumia wa kaskazini na wenye mijeledi wa kusini. Alichokisema mwanasiasa kwa sentensi moja, mshairi hakukifanya kuwa kiini cha utungo. Mjeledi umo katika ushairi wa James Russell. Mtambo wa kufumia hauketi katikati yake. Mkono wake ulikuwa umeelekea nyumbani, ukakunja kona.

Gauni la Amy Lowell

Amy Lowell alikuwa mjukuu wa John Amory kwa upande wa baba. Kwa upande wa mama alikuwa mjukuu wa Abbott Lawrence, ambaye mji mwingine wa viwanda vya nguo, Lawrence, umeitwa kwa jina lake. Hakuna mshairi wa lugha ya Kiingereza aliyezungukwa na uzi zaidi ya huyu. Kaka yake alikuwa rais wa Harvard tangu mwaka 1909 hadi 1933. Yeye, kwa kuwa mwanamke, hakupelekwa chuoni. Alijisomesha katika maktaba ya baba yake yenye maelfu ya vitabu. Nami niliyejisomesha kwa vitabu vya kuazima siwezi kutompenda kwa hilo.

Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1912. Mwaka huo huo, kuanzia Januari, wafanyakazi zaidi ya 20,000 wa viwanda vya nguo vya Lawrence waligoma baada ya ujira wao kukatwa, wengi wao wanawake wahamiaji. Sisemi kwamba mshairi alipaswa kuacha vina vyake akimbilie kwenye mgomo. Natazama utungo wake uliosifika kuliko mingine, «Patterns», wa mwaka 1915, kwa sababu utungo huo wenyewe ndio unaoleta nguo mbele yetu.

Ndani yake mwanamke anatembea katika bustani iliyopangwa kwa mistari, amevaa gauni la hariri ngumu lenye nakshi. Anapata barua: mchumba wake ameuawa vitani. Kuanzia hapo nakshi za gauni, nakshi za bustani na mpangilio wa vita vinakuwa kitu kimoja, nao mwili wake umefungwa ndani ya vyote. Ni shairi zuri. Ubora wake uko katika uamuzi mmoja: kuifanya nguo, ambayo kwa kawaida ni pambo, kuwa jela. Mwanamke analia kwa mchumba, na msomaji anaisikia hariri ikimbana mbavu.

Na hapo ndipo ninapoona upungufu wake pia. Katika shairi hilo nguo ina mvaaji na haina mfumaji. Gauni limekuja kutoka pasipojulikana. Mjukuu wa John Amory Lowell na wa Abbott Lawrence aligundua kuwa nguo ni jela kwa mwenye kuivaa bustanini. Waliofungwa na nguo ile ile kwa saa 12 na 13 kwa siku, mlango ukiwa umefungwa na kengele mkononi mwa mwingine, hawamo. Lau angemtia mfumaji hata katika ubeti mmoja, neno nakshi lingepata maana ya tatu, na shairi lingekuwa kubwa zaidi kuliko lilivyo.

Robert Lowell na babu zake

Wa tatu, Robert, alitoka tawi la mchungaji Charles, baba wa James Russell, tawi lililokuwa mbali kidogo na hesabu za viwanda. Huyu ndiye aliyewatazama babu zake kwa jicho kali kuliko wote. Katika Lord Weary's Castle, kitabu kilichompatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1947, anawashitaki wahamiaji wa kwanza wa Kiingereza kwa damu ya wenyeji waliowanyang'anya ardhi. Mwaka 1943 alikataa kwenda vitani, akafungwa jela. Katika Life Studies, mwaka 1959, aliifungua nyumba ya wazazi wake mbele ya wasomaji bila ya pazia.

Utungo wake mkubwa, «For the Union Dead», aliousoma hadharani Boston mwaka 1960, unasimama mbele ya sanamu ya Kanali Robert Gould Shaw na askari weusi wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts. James Russell naye alikuwa amemtungia Shaw shairi la maombolezo wakati wa vita. Watu wawili wa ukoo mmoja, karne moja kati yao, wakimwomboleza afisa yule yule. Robert amemzidi babu yake, kwa sababu macho yake yanashuka kutoka kwa afisa aliye juu ya farasi mpaka kwa askari weusi wanaotembea kwa miguu, na kutoka hapo hadi kwa watoto weusi wa wakati wake mwenyewe.

Hata hivyo uzi unaounganisha Boston na watu hao haukuanza na vita. Ulianza na pamba. Baadhi ya waliojiunga na kikosi kile walikuwa wamezaliwa utumwani, katika nchi ambayo nguo ya mtumwa iliitwa kwa jina la ukoo wa mshairi. Robert Lowell alikuwa na kila kitu mkononi: hasira, ujuzi, jina. Ardhi aliitaja, bahari aliitaja, vita aliitaja. Nguo ilibaki sandukuni.

Binti wa kiwandani

Msomaji anaweza kunipinga hapa, na ana haki. Atasema: mshairi hahukumiwi kwa asichokiandika, na mjukuu halipi deni la babu. Nakubali yote mawili. Nisingemwuliza Amy Lowell habari za pamba lau angeandika maua tu. Lakini wote watatu waliikaribia nguo kwa miguu yao wenyewe: mmoja kwa kupinga utumwa, mmoja kwa kuvaa gauni, mmoja kwa kuwashitaki babu zake. Wote watatu walikunja kona pale pale. Kona inayokunjwa mara tatu ni njia.

Isitoshe, yuko aliyeiandika, na hakuwa wa ukoo. Lucy Larcom alizaliwa Beverly, Massachusetts, mwaka 1824. Baba yake, nahodha, alikufa akaacha watoto wengi. Mama yake akahamia Lowell kuendesha nyumba ya kulaza wafanyakazi wa kike, na Lucy akaingia kiwandani akiwa na umri wa miaka kama kumi na moja. Alikaa huko takriban miaka kumi. Vitabu vilikatazwa kiwandani, kwa hiyo alikata mashairi kutoka magazetini akayabandika kwenye fremu ya dirisha lililokuwa karibu na mtambo wake. Amy alikuwa na maktaba ya baba yake; Lucy alikuwa na dirisha. Wote wawili walijisomesha.

Mabinti wa Lowell walikuwa na jarida lao, Lowell Offering, lililotoka kati ya mwaka 1840 na 1845, na Lucy aliandika humo. Jarida hilo lilisifiwa duniani, hata Charles Dickens alilisifu baada ya ziara yake ya mwaka 1842. Lakini mabinti hao hao walikuwa wamegoma mwaka 1834, ujira ulipopunguzwa, na tena mwaka 1836, malipo ya malazi yalipopandishwa. Mfanyakazi mwenzao Sarah Bagley alililaumu jarida waziwazi kwa kufumba macho mbele ya malalamiko. Larcom mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi. An Idyl of Work, utungo wake mrefu usio na vina wa mwaka 1875, una heshima nyingi kwa mabinti wa kiwandani na una moto mdogo. Kwa ufundi hafikii Amy, wala Robert.

Lakini ametuachia shairi moja, «Weaving», alilolitunga zama za vita vya Marekani. Binti anafuma kando ya mto ili amsaidie mama yake na apate riziki ya siku. Mkono uko mtamboni, na fikra zinasafiri kwa wanawake wengine, mpaka zinafika kwa wanawake weusi wanaochuma pamba kusini. Hapo anajiuliza ni sehemu gani ya dhulma yao iliyo yake yeye, anayekula kutokana na uzi wao. Nilipojaribu kulifasiri, Kiswahili kilinipa maneno mawili yaliyokuwa yakinisubiri: mtande na mshindio. Mtande ni nyuzi zilizotandazwa na kukazwa kabla kazi haijaanza. Mshindio ni uzi upitao kati yao kwenda na kurudi. Ndivyo shairi lilivyo. Dhulma imetandazwa zamani, naye binti, kwa kila pitisho la mkono wake, anajifuma ndani yake. Hakujitoa katika lawama kwa kuwa maskini. Yeye aliyekuwa na sababu nyingi kuliko wote za kusema halinihusu, alisema linanihusu. Wenye kiwanda walikuwa na washairi watatu, na kauli hiyo ikatoka kwa mfanyakazi wao.

Na sisi je?

Kuhukumu nyumba ya jirani ni rahisi. Merikani haikushuka Unguja ikaingia mikononi mwa malaika. Ilinunuliwa na matajiri wetu, ikapelekwa bara, ikarudi ikiwa pembe na watu. Waliobaki kisiwani waliivaa shambani, nyeupe au ikiwa imetiwa nili na kuitwa kaniki, na mavazi hayo yakawa alama ya mtumwa.

Ushairi wetu wa zama hizo ulisema nini? Mwaka 1858, merikani ikiwa imetawala soko, Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi tunaouenzi hadi leo, na tunauenzi kwa haki. Ndani ya utenzi huo mna usia juu ya adabu, juu ya mume, juu ya kujipamba. Na mna usia wa kutochanganyika na watumwa ila wakati wa kazi. Hatuupunguzii utenzi hadhi kwa kuliona hilo. Tunausoma kama tulivyowasoma akina Lowell. Mtumwa yumo ndani ya nyumba ya utenzi, amevaa nguo yake, na hana ubeti.

Ubeti wake ulikuja baadaye na kwa njia nyingine. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha merikani na kaniki, wakajifunga kanga. Mtaalamu wa historia Laura Fair ameieleza vyema habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2001. Hatimaye kanga ikapata maandishi, na mvaaji akawa msemaji: nguo iliyokuwa kimya ikawa na mshororo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ufukara, alipoanza kupata jina alitungiwa wimbo wa kejeli uliomkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki zake. Naye akajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alirekodi sauti yake Bombay, na sahani za santuri zikarudi kuuzwa katika miji yote ya mwambao. Tofauti na akina Lowell, sisi tumeitaja nguo katika ushairi. Tuliitaja kwanza kama tusi, na aliyetusiwa ndiye aliyeigeuza kuwa fahari.

Kwa hiyo haki yetu ya kuwauliza akina Lowell ipo, kwa sharti kwamba swali hilo hilo tulilete nyumbani. Nawashauri vijana wanaofasiri ushairi wa Kiingereza wasikimbilie majina makubwa peke yake. Wamsome Amy, wamsome Robert, kwani ni mafundi. Kisha wamfasiri Lucy Larcom, na utungo wake uwekwe karibu na jibu la Siti. Mmoja aliifuma nguo, mwingine aliivaa, na bahari yote ilikuwa kati yao. Tukiwasoma pamoja tutaijua merikani kwa pande zake zote mbili, na sijaona bado kitabu cha Kiswahili kilichowaweka pamoja.